Waziri aliyeugua kimya: uchambuzi wa kisa cha Lloyd Austin na saratani ya tezi dume

Jioni ya tarehe 1 Januari 2024 gari la wagonjwa liliitwa kwenye nyumba moja kaskazini mwa jimbo la Virginia, Marekani. Aliyepiga simu aliomba lije bila king'ora wala vimulimuli, lisivute macho ya watu. Mgonjwa alikuwa Lloyd Austin, mwenye miaka 70, jenerali mstaafu wa nyota nne, Waziri wa Ulinzi wa Marekani na mtu mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo. Alikuwa na kichefuchefu na maumivu makali ya tumbo, nyonga na mguu. Siku kumi kabla ya hapo alikuwa ameondolewa tezi dume kwa sababu ya saratani. Rais Joe Biden hakujua. Naibu waziri Kathleen Hicks hakujua. Ikulu ya Marekani haikujua.

Vyombo vya habari vilikibeba kisa hiki kama cha siasa: nani aliambiwa, lini, na jeshi lilikuwa mikononi mwa nani siku zile. Mimi nakichukua kama kisa cha ugonjwa. Tarehe 9 Januari madaktari wa Austin katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed walitoa taarifa iliyoeleza mambo kwa uwazi ambao ni nadra kuupata kuhusu mgonjwa yeyote, kwa hiyo tunaweza kuufuata ugonjwa hatua kwa hatua, kuanzia kipimo cha damu hadi chumba cha wagonjwa mahututi. Naona Austin alifanya vizuri karibu kila jambo linalohusu kipimo na tiba, akakwama kwenye kusema. Na kwa ugonjwa huu, kusema ni sehemu ya tiba.

Kipimo kilichopanda

Taarifa ile inasema Austin alikuwa akipimwa PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, mara kwa mara, na mwanzoni mwa Desemba 2023 majibu yake yakabadilika. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha saratani. Haitaji dalili yoyote iliyompeleka hospitali, na hilo si ajabu. Tezi dume imekaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Uvimbe wa kawaida wa uzeeni, ule usio saratani, huota sehemu ya ndani inayougusa mrija, ndiyo maana mzee anaanza kuamka usiku mara nne, mkojo unatoka kwa kusuasua na hauishi. Saratani kwa kawaida huanzia sehemu ya nje ya tezi, mbali na mrija, na inaweza kukaa miaka bila kubana chochote. Kwa hiyo mwanamume anayesema "mbona mimi nakojoa vizuri tu" hajajibu swali. Na yule anayehangaika na mkojo, mara nyingi ana uvimbe wa kawaida unaotibika kwa vidonge au upasuaji mdogo, lakini hofu ya kuambiwa ana kansa inamfungia nyumbani mpaka mkojo unagoma kabisa na anawekewa mpira wa kutolea mkojo.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, na kiasi kidogo chake huingia kwenye damu. Kipimo chake ni sindano ya mkononi, basi. Nalisisitiza hili kwa sababu wanaume wengi wa kwetu wanakimbia hospitali wakidhani jambo la kwanza ni kidole. Kipimo cha kidole kipo, kinachukua sekunde chache, na kina kazi yake: daktari anaweza kugusa kinundu kigumu ambacho PSA haikukionyesha. Ila hakuna sababu ya mtu kukosa kipimo cha damu kwa kuogopa kidole.

Jibu la PSA likiwa juu halimaanishi saratani. Wengi hutumia 4 kama mpaka wa kuanza kushuku, lakini tezi iliyokua kwa umri huipandisha, maambukizi ya mkojo huipandisha sana, mpira wa mkojo huipandisha, hata kumwaga shahawa siku moja au mbili kabla ya kipimo kunaweza kuisogeza. Kwa upande mwingine, anayetumia dawa ya finasteride kupunguza tezi huona PSA yake ikishuka karibu nusu, na asipomwambia daktari, jibu linaonekana zuri kuliko hali ilivyo. Kilichomsaidia Austin ni kwamba alikuwa na majibu ya miaka ya nyuma ya kulinganisha. Namba moja peke yake inasema kidogo. Namba tatu au nne zilizopangwa kwa tarehe zinaonyesha tezi inaelekea wapi, na karatasi hizo zinafaa kutunzwa nyumbani kama zinavyotunzwa kadi za kliniki za watoto.

Hapa pana mjadala wa kweli ambao msomaji anastahili kuujua. Jopo la kitaifa linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga Marekani lilisema mwaka 2018 kwamba mwanamume wa miaka 55 hadi 69 aamue mwenyewe baada ya kuongea na daktari, na kwamba kuanzia 70 kipimo hiki kisifanywe kama utaratibu wa kawaida. Sababu yake ina uzito: saratani nyingi za tezi dume kwa wazee zinakwenda polepole kiasi kwamba mtu hufa na jambo jingine, na kuzigundua huwaingiza watu kwenye tiba zenye madhara wasizozihitaji. Austin alitimiza miaka 70 mwezi Agosti 2023. Kwa kufuata mwongozo huo neno kwa neno, kipimo cha Desemba kisingekuwa cha lazima. Lakini yeye ni mtu mweusi. Madaktari wake wenyewe waliandika kwamba saratani hii humpata mwanamume 1 kati ya 8 wa Marekani, na 1 kati ya 6 kwa wenye asili ya Afrika. Vifo vyao ni karibu mara mbili ya vya wazungu. Chama cha Saratani cha Marekani kwa muda mrefu kimeshauri kwamba wanaume weusi waanze mazungumzo haya na daktari wakiwa na miaka 45, miaka mitano kabla ya wengine. Nikiwekewa miongozo hiyo miwili mezani, kwa mwanamume wa asili yetu mimi nafuata huu wa pili.

Kutoka namba hadi nyama

Hakuna anayetibiwa saratani kwa sababu ya PSA. Kati ya namba na jina la ugonjwa kuna hatua zisizopaswa kurukwa. Kwenye hospitali zenye vifaa, siku hizi hutangulia picha ya MRI, inayoonyesha kama kuna sehemu ya kutilia shaka na iko wapi. Kisha hukatwa vinyama vidogo kwa sindano, mara nyingi 12 au zaidi, kupitia njia ya haja kubwa au kupitia ngozi iliyo kati ya korodani na njia hiyo. Njia ya ngozi ina hatari ndogo ya kupeleka vijidudu kwenye damu. Mgonjwa ataona damu kwenye mkojo kwa siku kadhaa, na kwenye shahawa kwa wiki kadhaa. Asipoambiwa mapema atashtuka bure.

Vinyama hivyo husomwa kwa hadubini na kupewa alama inayoitwa Gleason, kwa jina la Donald Gleason, daktari wa Minneapolis aliyeibuni miaka ya 1960. Inatumika kuanzia 6 hadi 10. Alama 6 ni saratani tulivu, 7 iko katikati, 8 hadi 10 ni kali. Siku hizi maabara huandika pia kundi la 1 hadi la 5, kwa sababu mgonjwa akiambiwa 6 kati ya 10 anadhani yuko katikati ya hatari, kumbe yuko mwanzo kabisa. Ukipokea majibu ya vinyama, alama hiyo ndiyo ya kuulizia kwanza. Inafuata hatua, yaani saratani imefika wapi: bado imo ndani ya tezi, imetoka kidogo, au imekwenda kwenye matezi ya limfu ya jirani na mifupa.

Sentensi moja ya taarifa ya Walter Reed inastahili kusomwa taratibu. Walisema Austin alikutwa na saratani "iliyohitaji tiba". Kama wangeona alama 6 kwenye kinyama kimoja, kwa mtu wa miaka 70, kuna uwezekano mkubwa wangemshauri kwanza kufuatiliwa tu. Walisema pia kwamba imegunduliwa mapema. Kwa hiyo alikuwa mahali pazuri kuliko pengine pote kwa mwenye saratani ya kutibiwa: ugonjwa una nguvu ya kutosha kustahili tiba, na bado haujatoka nje. Hapo ndipo mgonjwa ana njia zaidi ya moja za kuchagua.

Njia alizokuwa nazo

Kufuatiliwa kwa karibu maana yake ni PSA kila baada ya miezi kadhaa, MRI na kukatwa vinyama tena kwa vipindi, na tiba ikianza ugonjwa ukionyesha kusogea. Huku si kutelekezwa. Ni mpango unaohitaji nidhamu, na mahali ambapo mtu hawezi kurudi kliniki kila mara unakuwa mgumu.

Upasuaji wa kuondoa tezi nzima ndio aliouchagua Austin. Mionzi ni njia ya tatu, ama ya kutoka nje kwa wiki kadhaa, ama ya kupandikiza chembe za mionzi ndani ya tezi. Pale saratani inapokuwa na nguvu zaidi, mionzi huambatana na dawa za kuzima homoni ya kiume kwa miezi au miaka.

Swali ambalo kila mgonjwa huuliza ni ipi inaponya zaidi. Jibu bora tulilonalo limetoka Uingereza, kwenye utafiti wa ProtecT. Wanaume 1,643 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: kufuatiliwa, kupasuliwa, kupigwa mionzi. Matokeo ya miaka 15 yalichapishwa mwaka 2023. Waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa asilimia 3.1 kwa waliofuatiliwa, 2.2 kwa waliopasuliwa, 2.9 kwa waliopata mionzi, na tofauti hiyo ni ndogo mno kuwa na maana kitakwimu. Ugonjwa ulisambaa kwa asilimia 9.4 ya waliofuatiliwa, karibu mara mbili ya makundi mengine mawili. Kwa mtu aliyeshikwa na hofu ya kufa wiki hii, namba hizi zinatuliza: kuna muda wa kufikiri, kupata maoni ya daktari wa pili, na kuongea na mke.

Ila nina angalizo zito. Karibu wote katika utafiti ule walikuwa wazungu, na wengi walikuwa na saratani ya hatari ndogo au ya kati. Kumwambia mzee wa Kigoma au Mombasa kwamba kufuatiliwa ni salama sawasawa na kupasuliwa, kwa ushahidi huo peke yake, ni kuuvuta ushahidi kuliko urefu wake.

Njia hizi zinatofautiana sana kwenye madhara. Upasuaji huleta kuvuja mkojo zaidi, hasa miezi ya mwanzo. Wengi hurudi kwenye hali nzuri kwa muda na kwa mazoezi ya misuli inayobana mkojo, lakini wapo wanaobaki wakivaa pedi. Nguvu za kiume hupungua kwa upasuaji papo hapo, kwa mionzi polepole. Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume imepita ubavuni mwa tezi, na hadi mwaka 1982, daktari Patrick Walsh wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, alipoonyesha namna ya kuikwepa, karibu kila aliyepasuliwa aliipoteza. Leo mpasuaji mzoefu anaweza kuibakisha kama saratani haijaigusa, na kuna vidonge vya kusaidia. Mionzi nayo huweza kuunguza utumbo wa chini, mtu akapata haja za haraka au damu kwenye choo. Mambo haya mke anahitaji kuyasikia kwa daktari, si kuyabahatisha chumbani miezi mitatu baadaye.

Umri nao huamua. Nelson Mandela alikutwa na saratani ya tezi dume mwaka 2001, mwezi aliotimiza miaka 83. Alipewa mionzi kwa wiki saba, akaishi miaka 12 zaidi, na kilichomwondoa mwaka 2013 akiwa na miaka 95 yalikuwa matatizo ya mapafu. Kwa mtu wa umri ule kisu kingekuwa na hatari isiyo na sababu. Austin alikuwa na miaka 70, mwili wa mwanajeshi, na matarajio ya miaka mingi mbele. Kumpasua kulikuwa uamuzi wa kawaida na wa busara.

Upasuaji, na siku kumi zilizofuata

Tarehe 22 Desemba 2023 alilazwa Walter Reed, akapigwa nusukaputi, na tezi ikaondolewa kwa upasuaji wa matundu madogo. Asubuhi yake alirudi nyumbani. Hadi hapo kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa, na mimi naona hapa ndipo wengi hujidanganya. Matundu ni madogo, hospitali ni usiku mmoja, kwa hiyo mtu anauona upasuaji wenyewe kuwa mdogo. Si mdogo. Tezi ikishaondoka, kibofu hushonwa kwenye mrija wa mkojo, na mshono huo unalindwa na mpira kwa wiki moja au mbili. Mkojo unaweza kuvuja ndani pale kwenye mshono. Matezi ya limfu ya nyonga yakikatwa kwa uchunguzi, majimaji yake yanaweza kujikusanya tumboni. Damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu. Vijidudu vinaweza kupanda kwa njia ya mpira.

Austin alipofikishwa hospitali tarehe 1 Januari alikutwa na maambukizi ya mkojo. Kesho yake alihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Uchunguzi ukaonyesha majimaji yamejikusanya tumboni na kuuzuia utumbo mwembamba kufanya kazi, chakula kikarudi nyuma. Akapitishiwa mpira puani kutoa vilivyojaa tumboni, na majimaji yakatolewa kwa mrija bila kumpasua tena. Maambukizi yakatibiwa. Alitoka hospitali tarehe 15 Januari, baada ya wiki mbili. Tarehe 11 Februari alirudishwa tena kwa tatizo la kibofu, akahudumiwa chini ya nusukaputi, akatoka siku mbili baadaye.

Hospitali ilikuwa bora, mgonjwa alikuwa imara, saratani ilikuwa ya mapema, na bado ikawa hivyo. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Mgonjwa wa hapa kwetu anayetoka wodini na mpira wake anatakiwa aondoke akijua dalili za kumrudisha haraka: homa, tumbo kuvimba na kujaa, kutapika, kukosa kutoa hewa, mkojo kukata ghafla, mguu mmoja kuuma na kuvimba. Na lazima awepo mtu nyumbani anayezijua dalili hizo pia, kwa sababu mgonjwa mwenyewe anaweza kuzidharau, au kuzidiwa asiweze kusema.

Ukimya

Hicks alikabidhiwa baadhi ya madaraka ya waziri tarehe 2 Januari akiwa mapumzikoni Puerto Rico, bila kuambiwa sababu. Alijua kuwa mkuu wake amelazwa tarehe 4, siku ambayo Ikulu nayo iliambiwa. Siku hiyohiyo shambulio la anga la Marekani lilimuua kiongozi wa wanamgambo mjini Baghdad. Wananchi waliambiwa tarehe 5. Rais alipata habari ya saratani tarehe 9, saa chache kabla ya dunia nzima. Tarehe 11, mashambulizi dhidi ya Wahouthi nchini Yemen yalipoanza, Austin aliyafuatilia akiwa kitandani Walter Reed.

Tarehe 1 Februari alisimama mbele ya waandishi wa habari, bado akiwa na maumivu mguuni, akasema hakulishughulikia jambo hili vizuri na kwamba alipaswa kumwambia Rais. Alisema habari ya saratani ilimtikisa, na kwamba yeye kwa tabia si mtu wa kuwabebesha wengine matatizo yake. Alieleza pia kuwa kwa watu weusi ugonjwa huu hufichwa hata zaidi. Naamini alisema kweli tupu. Aliyeongoza majeshi ya Marekani Mashariki ya Kati alishindwa kutamka jina la ugonjwa wake, na sidhani kama alimwogopa mtu. Ugonjwa huu unagusa mkojo na unyumba, mambo ambayo mwanamume amefunzwa tangu jandoni kuyabeba peke yake.

Kwa hiyo siwezi kumcheka, na siwezi pia kumtetea. Kwa waziri, ukimya ulikuwa tatizo la nchi. Kwa fundi seremala au mwalimu mstaafu ni tatizo la tiba. Asiyesema hana wa kumpeleka hospitali usiku. Anauza ng'ombe au kiwanja kimyakimya kulipia vipimo na familia inadhani amepata mwanamke mwingine. Anaacha sindano za homoni kwa sababu hawezi kueleza mbona anapata joto la ghafla na hamu imekwisha. Anakwenda kwa muuza dawa anayemwahidi kuponya bila kisu, kwa kuwa huyo haulizi maswali.

Askofu Desmond Tutu alichagua njia nyingine. Alikutwa na saratani ya tezi dume mwaka 1997, akiwa mwenyekiti wa Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, mbele ya macho ya dunia. Alisema wazi, akatibiwa, akaendelea na kazi. Ugonjwa ulirudi zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata, na kila mara watu waliambiwa. Alifariki Desemba 2021 akiwa na miaka 90.

Kwa aliyechelewa

Aliyekuwa bosi wa Austin anaonyesha upande wa pili. Mei 2025 ofisi ya Biden ilitangaza kwamba rais huyo mstaafu, mwenye miaka 82, ana saratani ya tezi dume yenye alama ya Gleason 9, kundi la 5, iliyokwishafika kwenye mifupa. Alikuwa ameanza kupata matatizo ya mkojo, wakakuta kinundu. Msemaji wake alieleza kuwa PSA ya mwisho alipimwa mwaka 2014. Kwa mwongozo wa umri halikuwa kosa kuacha kumpima. Lakini walikuwa watu wawili wa serikali moja, wenye huduma ya afya ya kiwango kimoja. Mmoja alichagua kati ya njia kadhaa za kupona, na mwingine, ilipofika Mei 2025, njia hizo zilikuwa zimefungwa.

Hali ya Biden ndiyo wanayoijua madaktari wetu. Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume Tanzania, Kenya na Uganda, na wengi hufika ikiwa imetoka kwenye tezi: mgongo unauma usiku, miguu inalegea, mkojo umegoma. Miguu ikianza kulegea kwa mwenye saratani hii ni dharura ya siku hiyohiyo, kwa sababu uvimbe unaweza kuwa unaubana uti wa mgongo, na akicheleweshwa anaweza asitembee tena.

Hata hapo tiba ipo, na mtu anaweza kuishi miaka. Mwaka 1941 Charles Huggins alionyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, na ukiizima uvimbe husinyaa. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Kuizima kunafanyika kwa njia mbili. Moja ni sindano kama goserelini, kila mwezi au kila miezi mitatu, maisha yote. Nyingine ni upasuaji mfupi wa kuondoa korodani, mara moja. Nguvu yake dhidi ya saratani ni sawa. Wanaume wengi husikia neno korodani wakaondoka kliniki wasirudi, na ninaelewa. Lakini anayeishi mbali na asiye na bima, atakayekosa sindano mara mbili kwa mwaka kwa sababu ya nauli, anastahili kuelezwa kwa heshima kwamba upasuaji huo humpa kinga isiyokatika, na kwamba unaweza kufanywa kwa namna inayobakisha mfuko ukiwa na umbo. Siku hizi huongezwa dawa ya pili mapema, kama vidonge vya abirateroni pamoja na predinisoloni, na umri wa kuishi huongezeka waziwazi. Shirika la Afya Duniani liliingiza abirateroni kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Mionzi hutumika kutuliza mifupa inayouma, na huduma hiyo ipo Ocean Road Dar es Salaam, Bugando Mwanza, Kenyatta Nairobi na Mulago Kampala.

Baada ya tiba

Januari 2024, madaktari wa Austin walisema hahitaji tiba zaidi ya saratani, isipokuwa ufuatiliaji. Kwa aliyeondolewa tezi, ufuatiliaji ni PSA ileile iliyoanza safari. Ndani ya wiki sita hadi nane inatakiwa ishuke hadi isionekane, na ikianza kupanda tena ikafika 0.2 na kuthibitishwa, ni dalili kwamba kuna chembe zilizobaki, na mionzi inaweza bado kuzimaliza. Aliyetibiwa kwa mionzi tezi anayo bado, kwa hiyo PSA yake haishuki hadi sifuri. Yeye huangaliwa kwa kipimo chake cha chini kabisa, na ikipanda kwa 2 juu ya hapo ndipo hushukiwa kurudi.

Wapo pia wanaohusika bila kuugua. Mwanamume ambaye baba au kaka yake alipata saratani hii ana hatari karibu mara mbili ya wengine, na zaidi kama ndugu huyo aliugua akiwa kijana au kama walikuwa wawili. Baadhi ya koo hubeba kasoro ya jeni ya BRCA2, ambayo kwa akina mama huleta saratani ya matiti na ya ovari, kwa hiyo habari za mama na mashangazi zinahesabika vilevile. Kwa vijana wa nyumba hiyo, mazungumzo na daktari kuhusu PSA yaanze kwenye miaka 40 hadi 45. Ili wajue hivyo, mzee lazima awe amewaambia aliugua nini, mwaka gani, na alama ya Gleason aliyopewa ilikuwa ngapi.